Sindano au Maziwa

Nilijichoma sindano ya ng'ombe kwenye kidole gumba cha mkono wa kushoto, nikacheka. Naanza na kicheko hicho kwa sababu ukija kukaa kwenye benchi la hospitali, na baadaye kwenye benchi la wanasheria, maswali ni yaleyale: ilikuwa lini, ilikuwa wapi, nani alikuona. Mimi nilicheka ili asinione mtu.

Naitwa Yuditha. Kwetu ni Iringa, nimeolewa hukohuko, ila kazi ilinipeleka Mbeya. Nimesomea mifugo. Kwa misimu miwili nilikuwa kibarua wa kampuni moja iliyokuwa na ofisi Uyole, tukizunguka kwa wafugaji wa Usangu kuwachanja ndama majike dhidi ya brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba. Ng'ombe akiwa nao anatupa ndama. Binadamu akiupata anapata homa ya kwenda na kurudi mpaka anajichoka mwenyewe. Chanjo yenyewe ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Kwa ndama ni kinga, ila aliyejichoma nayo anatakiwa akimbilie hospitali siku hiyohiyo. Hayo nilifundishwa darasani, na mtihani wake nilifaulu vizuri tu.

Tena niseme mapema, jamani, mtu asisome hapa halafu akaenda kuficha ng'ombe wake wakija wachanjaji. Chanjo ni nzuri. Mimi ndiye niliyechanjwa kimakosa.

Ilikuwa kiangazi, mpunga wa Ubaruku umeshavunwa na ng'ombe wanazunguka kwenye mabua. Tulikuwa kwa Mama Kabula, mjane wa Kisukuma ambaye yeye na marehemu mumewe walihamia Usangu kutoka Shinyanga na mifugo yao miaka mingi iliyopita. Mama mmoja mrefu, mwenye maneno machache, na ng'ombe anao kuliko wanaume wengi wa pale. Mimi aliniita dokta mbele za watu, na tukiwa wawili aliniita mayu, yaani mama kwa kwao, ingawa umri wangu ni wa mwanawe.

Asubuhi ile wanaume wa majirani walikuwa wamesimama zizini wakibisha. Mmoja alisema chanjo hii ndiyo inayotupisha mimba, wenzake wakaitikia. Nilitumia zaidi ya saa nzima kuwabembeleza. Kampuni ilituahidi kibanio cha chuma cha kumshika ndama asiruke, hakikuja. Glavu ziliisha wiki ya kwanza. Basi tukawa tunakamata kwa kamba na mikono, mmoja anavuta, mwingine anashika mkia, mimi nachoma.

Ndama wa nne au wa tano akaruka. Sindano ikatoka kwake ikaingia kwangu, na kidole changu kingine kilikuwa kimeshasukuma dawa. Niliisikia ikiingia, ya baridi. Nikainua macho nikaona wale wanaume wanaangalia upande wangu. Nikajua nikipiga kelele, hapo hakuna ndama atakayechanjwa tena, wala pale wala kwa jirani. Mwenye sindano akiiogopa sindano yake, nani ataitaka? Nikacheka. Nikasema, "Loh, huyu ana kiburi kama wenyewe!" Wakacheka na wao. Nikanyonya kidole kama mtu aliyechomwa na mwiba, nikatema, nikaendelea na ndama mwingine.

Aliyeona ni Mama Kabula tu, maana ndiye aliyeshika kamba. Alichana upindo wa kitenge chake akanifunga kidole.

"Pole, mayu."

"Usiwaambie," nikamnong'oneza.

Hakuwaambia. Tulipomaliza akanikaribisha kivulini kama siku zote, akaniletea maziwa ya asubuhi, ya uvuguvugu wa ng'ombe mwenyewe, povu juu. Nikanywa. Kwake huruhusiwi kuondoka bila kunywa, na sikuwa na sababu ya kukataa.

Hata ofisini Uyole sikusema. Nilijua nitaulizwa glavu ziko wapi, halafu kosa litakuwa langu na msimu ujao sitaitwa. Nikajikaza kisabuni. Wewe unayesoma, kama unafanya kazi ya namna hii, usijikaze. Sema siku hiyohiyo, iandikwe, uchukue nakala.

Baridi ya Uyole ilipokolea ndipo homa ilipoanza. Inakuja jioni, inanitikisa, halafu natoka jasho mpaka godoro linalowa. Asubuhi naamka mzima kabisa, najiona mwongo. Zahanati walinipima malaria, hakuna. Wakapima taifodi, ipo. Nikapewa dozi. Nikarudi, taifodi ipo, dozi nyingine. Nilikunywa dozi nne za taifodi, na sijui kama niliwahi kuwa nayo. Nyonga zikaanza kuuma, kisha mgongo, chini kabisa, kama kuna mtu ameweka jiwe la moto pale. Nikawa siwezi kuinama kuvaa viatu. Nguo zikanipwaya. Jasho langu likawa na harufu ya majani mabichi yaliyovundikwa, naomba radhi kwa kulisema, lakini ukiwa na ugonjwa huu utaijua harufu hiyo na utajua si wewe peke yako.

Mvua za kwanza zilinikuta nimerudi Iringa kwa mume wangu, Baba Imani, seremala pale Ipogolo. Mama yake anaishi nasi. Mama mkwe alinitazama nilivyokonda akasalimia tu, "Kamwene," akaingia ndani. Baadaye nikamsikia jikoni akimwambia mwanawe, "Mwanamke anayelala kwa watu miezi mitatu, unategemea arudi na nini?"

Baba Imani si mtu wa makelele. Alikaa na maneno hayo wiki nzima, halafu akaniambia, akipiga randa ubao bila kuniangalia, "Mama Imani, twende tukapime. Wote wawili."

Tulienda. Nilimchukia njia nzima. Tulikaa benchi moja pale kwenye kituo cha afya, yeye ameshika kofia, mimi nimeshika kiuno. Majibu yakatoka, wote wazima. Akalia, mbele ya nesi, mtu mzima yule. Siku ile nilimsamehe nusu. Nusu nyingine ilichukua muda, na ilitoka kidogo kidogo, kila asubuhi nilipomwona anabeba godoro langu mwenyewe kulianika juani, anafanya kama anaanika mbao, ili majirani wasiulize.

Aliyeniokoa ni daktari mmoja wa Mbeya. Nilirudi huko kwa sababu vitu vyangu vilikuwa Uyole na kwa sababu Iringa nilikuwa nimeshazunguka kote. Nilikaa kwenye foleni tangu asubuhi. Pembeni yangu kulikuwa na bibi wa Tukuyu aliyekuja na parachichi kwenye kikapu. Akalikata kwa kisu chake, akanyunyiza chumvi, akanipa nusu bila kuniuliza jina. Kilikuwa kitu cha kwanza kukaa tumboni kwa siku tatu. Nilipoingia, daktari hakutazama kwanza cheti changu. Aliniuliza, "Dada, unafanya kazi gani?"

Karibu nusu mwaka naumwa, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo.

Nikamwambia. Akaweka kalamu chini. "Uliwahi kujichoma?" Nikamwonyesha kidole. Vipimo vikarudi, brusela.

Dozi ni wiki sita, vidonge vya aina mbili. Kimoja ni hichohicho wanachopewa wagonjwa wa kifua kikuu, kwa hiyo nilikuwa nachukulia dirisha lao, nimefunika uso na mtandio kwa aibu. Mkojo unakuwa rangi ya chungwa, machozi pia. Hakuna aliyenionya, siku ya kwanza nilidhani natoka damu, nikapiga yowe chooni mpaka mwenye nyumba akagonga. Basi nakuonya wewe. Usiogope, ni dawa. Na usiache hata ukijisikia nafuu. Mimi wiki ya tano nilijisikia nafuu, nikaruka siku kadhaa kwa sababu tumbo lilikuwa linaungua, na baridi ya mwaka uliofuata homa ikarudi na mgongo ukaja na hasira mpya. Nikaanza upya, safari hii miezi mitatu, na sindano kila asubuhi kwa wiki mbili. Nesi wa dirishani alishanizoea. Akiniona tu anaita, "Mama wa ng'ombe, njoo," watu wanacheka, nami nacheka, naondoka kabla foleni haijasogea. Huruma ndogo kama hizo ndizo zilizonifikisha.

Katikati ya dozi hiyo ya pili ndipo nilipofungua madai. Kampuni haikuwa imetuandikisha popote, sisi vibarua wa msimu, kwa hiyo hakukuwa na mfuko wa kunilipa fidia. Niliwaandikia barua ya kwanza mwenyewe. Jibu lilikuja na mhuri: hakuna kumbukumbu ya ajali yoyote siku hiyo, na kwa kuwa inajulikana kuwa ugonjwa huu hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi, kampuni haihusiki na tabia za mdai.

Tabia za mdai. Nilisoma maneno hayo matatu mpaka karatasi ikachakaa. Mama mkwe aliposikia ni maziwa, akasema, "Kumbe ulafi." Hakusema kwa ubaya sana, nadhani, lakini alisema.

Fedha niliihitaji, nisidanganye mtu. Mgongo wangu hautanirudisha tena kukamata ndama, na ada ya Imani haikusubiri. Lakini nilichokitaka kuliko fedha kilikuwa kitu kimoja: karatasi yenye mhuri iseme Yuditha aliumia kwa sindano akiwa kazini. Basi. Niibandike ukutani Ipogolo, nikae zangu.

Nilipata wakili Mbeya mjini, binti mdogo wa Kinyakyusa, mkali kama pilipili, aliyekubali kulipwa mwishoni. Swali lake la kwanza: "Dada, ulikunywa maziwa?"

"Nilikunywa."

"Kwa watu wangapi?"

"Kila nilipochanja."

Akashusha pumzi. Nilimuuliza daktari kama kipimo kinaweza kuonyesha ni sindano au ni maziwa. Akasema kwa vifaa vyao pale kipimo kinasema naumwa, hakisemi nilipatia wapi. Yeye mwenyewe angeandika kwamba sindano inaweza kuwa ndiyo. "Inaweza," akarudia, akaniangalia kwa huruma. Wakili akasema basi tumaini letu ni shahidi aliyeona sindano ikiingia.

Tukapigwa danadana mwaka mzima pale kwenye tume ya usuluhishi. Kikao kinapangwa, kinaahirishwa. Leo msuluhishi amesafiri, kesho wakili wa kampuni ana kesi nyingine. Nilikaa kwenye korido ile mpaka nikajua ni ubao gani wa benchi una msumari. Mara mbili Mama Kabula alitoka Ubaruku kuja kwa ajili yangu akarudishwa. Mara ya tatu ilikuwa msimu wa kupandikiza mpunga. Alikuja amevaa kitenge kipya na viatu vya kufunika. Nikamsalimia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia akanishika uso kwa viganja vyote viwili, akasema, "Wamekuonea mno."

Wakili wangu alimwambia neno moja tu: "Mama, sema ulichokiona." Hatukumfundisha kitu. Nikilala na kuamka bado najiuliza kama tungemfundisha, na najijibu kwamba hapana, yule si mtu wa kufundishwa.

Alisema vizuri, Mungu ni shahidi. Alisimulia ndama alivyoruka, akasema hata rangi yake, akasema jinsi alivyochana upindo, akasema, "Nilimfunga mimi, kwa mikono hii." Wakili wangu alinikanyaga mguu chini ya meza kwa furaha. Kwa mara ya kwanza niliiona ile karatasi ukutani.

Halafu akauliza wakili wa kampuni. Mzee mpole, sauti ya kanisani. "Mama, pole na safari. Nasikia nyie wafugaji ni wakarimu sana. Huyu dokta alipokuja kwako, ulimpokeaje?"

Nikafumba macho.

Mama Kabula alikaa wima. Naamini alidhani anaulizwa kama alinitendea vibaya. "Kwangu mgeni hatoki koo kavu," akasema. "Nilimpa maziwa. Siku zote alizokuja, sikumnyima hata mara moja."

"Mliyachemsha?"

Akacheka kidogo, kwa kuona swali lenyewe ni la ajabu. "Kuchemsha? Kwani alikuwa mgonjwa? Maziwa tunamchemshia mgonjwa. Huyu alikuwa mzima, nilimpa ya kukamua palepale, maziwa ya heshima."

"Asante sana, mama. Sina swali lingine."

Aliweka dole gumba lake kwenye maelezo yake, maana hajui kusoma, akarudi kukaa pembeni yangu akiwa ametosheka kabisa. Akanipigapiga goti. Aliona amenitetea pande zote mbili.

Mchana huohuo kampuni ikaleta hati ya maridhiano. Watalipa chini ya nusu ya tulichodai, pamoja na gharama za dozi zote mbili. Kifungu cha nne kilisema malipo yanafanywa kwa nia njema na kampuni haikiri kosa lolote, wala haikubali kwamba maradhi ya mdai yametokana na kazi. Wakili alisema tunaweza kugoma tuendelee mahakamani, labda mwaka mwingine, labda miwili. Nikampigia Baba Imani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mgongo unasemaje leo?" akauliza.

"Unauma."

"Basi saini, mama. Urudi nyumbani."

Nikasaini. Sikulia. Nilikuwa nimechoka hoi, na uchovu wa aina ile hauna machozi. Fedha ilikuja, ikafanya kazi yake, ikaisha. Dozi nilikuwa nimeshaimaliza mpaka kidonge cha mwisho. Sasa homa haijarudi tangu mpunga ule upandikizwe mpaka umevunwa, na nina duka dogo la dawa za mifugo hapa Ipogolo ambapo nauza nikiwa nimekaa.

Mwezi uliopita nilienda Ubaruku. Nilikuwa nimesikia kwa mtu kwamba Mama Kabula haendi hata kwenye misiba. Kumbe jirani mmoja aliyekuwa anafuatilia habari zetu alimweleza maana ya lile swali la maziwa. Akamwambia, wewe ndiye uliyemmaliza yule dokta, kwanza kwa kata ya maziwa, halafu kwa mdomo.

Nilimkuta kwenye moshi, jikoni. Nilipomwamkia aliitikia chini chini, hakunishika uso. Aliinjika sufuria, akasimama juu yake na mwiko muda mrefu mno, maziwa yakachemka yakapanda, akayashusha, akayarudisha, yakachemka tena, mpaka yakaanza kunukia kuungua. Akanimiminia kwenye kikombe cha bati. Hakunipa. Alikishika mwenyewe.

"Mayu," akasema, "niambie kweli. Ni mimi?"

Mimi sijui. Nimeandika kurasa zote hizi na sijui. Inawezekana ni sindano, inawezekana ni asubuhi yoyote kati ya zile asubuhi nzuri kivulini pake. Hakuna kipimo kitakachoniambia, na nimeacha kukitafuta.

"Ilikuwa sindano," nikamwambia.

"Ndivyo walivyoandika wale?"

"Ndivyo."

"Nisomee."

Hati nilikuwa nayo mkobani, natembea nayo mpaka leo, sijui kwa nini. Nikaitoa. Nikaikunjua mapajani mwangu, nikaweka kidole kwenye kifungu cha nne, na nikasoma polepole, kwa sauti ya ofisini: "Yuditha aliumia kwa sindano akiwa kazini. Maziwa ya Mama Kabula hayahusiki."

Alisogea akautazama mhuri. Akaugusa kwa kidole chake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Ndipo akanipa kikombe.